Tupeane uzoefu: Hatua ya tano ulimwambia nani, na siri yako ilikaa?

Ndugu zangu mlio kwenye safari ya kuacha, salaam. Nazungumzia zile hatua kumi na mbili za kuacha ulevi na unga: ya nne unaandika makosa yako, ya tano unayakiri kwa mtu mwingine. Nina miaka sita sijagusa unga, na sasa nawashika mkono wadogo zangu wawili wa mkutanoni, ndio wananisomea hatua zao. Juzi mmoja alikuja na daftari lake la hatua ya nne. Alisoma bila kusita: simu ya mama aliyoiuza, mabati aliyong'oa kwa jirani, kete aliyompa rafiki usiku ambao rafiki hakuamka. Akafika ukurasa mmoja, akauziba kwa kiganja. "Kaka, hili nikikwambia litaishia hapa?"

Ulimi ulitaka kusema ndiyo. Si kila mkutano tunaagana kwa kusema tuliyoyasikia hapa tuyaache hapa? Lakini ile ni ahadi ya kiungwana, na mimi si wakili wala padri. Nikamwambia: "Aibu zako nitakutunzia. Ila kama kuna mtoto anaumizwa, au kuna mtu unapanga kumdhuru, sitanyamaza. Na mahakama ikiniita, sina kinga." Akafunga daftari. Mkutanoni anakuja, ukurasa ule hajaurudia. Naamini nilifanya sawa, lakini usingizi hauji. Ninyi yaliwakuta yapi?

*Mama wa Tanga:* Mimi nilimwaga yote mkutanoni, mbele ya watu kama kumi na tano: kwamba nilipokuwa natumia nilimtelekeza mwanangu wa miezi minane kwa jirani siku tatu. Jioni nashuka kwenye daladala, mama mkwe kakaa kizingitini ananisubiri, na maneno yangu anayo yote, mpaka rangi ya kanga niliyomfunika mtoto. Nilirudi kwenye unga miezi mitano. Hatua ya tano inataka mtu mmoja, tena uliyempima. Hakuna aliyenieleza hivyo mapema.

*Kaka wa Temeke:* Kaka, ukurasa kama huo mimi niliusikia kwa mwenzangu niliyekuwa namshika mkono. Shemeji yake alikuwa anamchapa mtoto wa kambo kwa waya wa umeme. Yeye yuko na arosto (maumivu ya kukosa unga) pembeni, anaona, kanyamaza. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa ya mtoto kuvunjiwa haki azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Sikutaka kumzunguka. Nikamwambia twende wote, kwa mwenyekiti kwanza, kisha kwa afisa ustawi. Alilia njia nzima. Mtoto sasa yuko kwa bibi yake. Mwenzangu alininunia miezi. Siku hizi tunasalimiana vizuri, lakini daftari anamsomea mtu mwingine.

*Dada mwanasheria, miaka tisa bila pombe:* Kama ukurasa huo una damu, aanzie kwa wakili. Larchmont, New York, mtu aliua mume na mke mwaka 1988, akaja kuwaeleza wenzake wa AA, chama cha wanaoacha pombe kwa hatua hizi hizi. Wakaitwa kutoa ushahidi, akafungwa. Mwaka 2001 jaji alisema maungamo yale yalindwe kama ya kwa padri. 2002 mahakama ya rufaa ikatengua uamuzi huo. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ushahidi inalinda unayomweleza wakili wako kuhusu uliyokwisha kutenda. Unayopanga kutenda hailindi.

*Mleta mada:* Asante dada. Kesho baada ya mkutano nitamwambia dogo kwamba msaada wa kisheria wa bure upo, na nitamsindikiza mpaka mlangoni. Ndani ataingia mwenyewe na daftari lake. Wengine endeleeni kuweka yenu.