Tupeane uzoefu: siku kiambatisho cha kwenye seva ya ofisi kilipokuangusha

Karani wa Kurasini
Wakuu, habari za jioni. Leo nimeona kitu kimenirudisha mwaka wangu wa kwanza kazini. Kijana aliyekuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo aliambiwa amtumie wakala wa forodha nyaraka za kontena: ankara, orodha ya vifurushi na hati ya shehena. Akafungua barua pepe kwenye brauza, akaandika salamu vizuri, halafu badala ya kuambatisha akabandika anwani ya folda, Z:\Mizigo\Juni. Kwake inafunguka, basi akaamini imefika. Wakala yuko nje ya mtandao wetu, hiyo Z, yaani folda ya seva ya ofisi, ataitoa wapi? Tumekuja kujua saa tisa, na siku za bure za kontena zinakatika. Mwaka ule nilifanya kosa hilohilo, nikafokewa bila kuelezwa chochote. Tupeane uzoefu ili vijana wapate pa kusoma.

Binti Makorora
Umenigusa, kaka. Mimi yangu ni lile faili lenye ~$ mbele. Natafuta "Ripoti ya mwaka.docx", naona pia "~$poti ya mwaka.docx" ya dakika hiyohiyo, nikajua ndiyo mpya kabisa. Nikaipeleka kwa mfadhili. Akajibu kwa upole kwamba halifunguki. Kuangalia ukubwa, baiti 162! Ripoti ya kurasa arobaini, baiti 162.

Fundi wa Mtandao
Dada, hilo si ripoti. Word hulitengeneza mtu anapofungua waraka, ili mwingine akija ajue nani ameushika. Akifunga, linafutika. Kwa kawaida limefichwa, ila kompyuta yako iliwekwa ionyeshe mafaili yaliyofichwa. Jambo kubwa zaidi ni hili: ukiliona, mara nyingi maana yake kuna mtu ameufungua ule waraka. Hata ungeambatisha faili lenyewe, ungetuma lile alilohifadhi mara ya mwisho, si analoliona kwenye kioo chake sasa hivi. Mpigie kwanza.

Binti Makorora
Kumbe! Bosi alikuwa nalo wazi mezani kwake. Miaka yote hii sikujua.

Mkadiriaji
Ngoja niandike yangu, maana nikiona neno seva bado moyo unaruka.

Nilikuwa Dodoma, nyumba ya wageni, kukagua eneo la mradi. Zabuni ya mteja binafsi, inapokelewa kwa barua pepe, mwisho saa kumi kamili jioni. Mafaili yote yapo kwenye seva ya ofisi Dar. Nina laptopu, nina VPN (njia ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa mbali), intaneti ni ya simu. Saa nane na nusu nikaanza, nikijua nina muda wa kutosha.

BOQ, ile orodha ya kazi na bei zake, ikaingia bila shida. Michoro ilikuwa MB 22. Mstari wa kupakia ukafika katikati, ukaganda. Nikasubiri. Bando likaisha. Nikanunua jingine, kurudi brauza inanitaka niingie upya. Barua niliyoandika ipo kwenye rasimu, viambatisho havipo. Saa tisa na robo hiyo. Nikaomba wenzangu Dar wanisaidie, aliyekuwa na funguo ya chumba changu ameenda saiti.

Nikagawa michoro mafaili matatu, kubwa kuliko yote MB 8. Kikomo cha ofisi yetu ni MB 10, kwa hiyo nikaona nipo salama. Nikatuma barua tatu, kila moja na faili lake. Ya mwisho imetoka saa tisa na dakika hamsini. Nikakaa kitandani nikamshukuru Mungu.

Saa kumi na dakika mbili ikaja barua ya kwangu mwenyewe imerudi: ujumbe umezidi kipimo. Ile ya MB 8. Zile mbili ndogo zilipita, ile yenye michoro ya msingi ikarudi. Nikapiga simu nikaeleza kila kitu, nikajibiwa kwa adabu kwamba muda ni muda. Mhandisi wetu alikesha siku tatu kwenye ile michoro. Vibarua wawili nilikuwa nimewaahidi kazi. Mpaka leo sielewi MB 8 inazidije 10.

Mwana wa Mvita
Pole sana ndugu yangu. Hii imeniuma.

Fundi wa Mtandao
Mkadiriaji, pole. Nikueleze, na wengine mlishike hili. Barua pepe ilitengenezwa kubeba maandishi. Faili la michoro halipiti lilivyo, linageuzwa kuwa herufi kwanza: kila baiti 3 zinakuwa herufi 4, na juu yake alama za kukata mistari. Faili likifika njiani limenenepa zaidi ya theluthi moja. MB 8 yako ilisafiri ikiwa karibu 11. Za MB 7 zilipita kwa sababu zilikuwa chini kidogo ya 10. Kikomo kikiwa 10, kwa usalama usipitishe 7.

La pili, bando lako. Wengi wanadhani wakiwa kwenye VPN faili linatoka seva moja kwa moja kwenda kwenye barua pepe. Hapana. Brauza inasoma kupitia laptopu yako. Michoro ilitoka Dar ikaja Dodoma, halafu ikapanda tena kutoka Dodoma. Umelipia safari mbili kwa mtandao wa simu. Ungeingia kwa mbali kwenye kompyuta ya mezani kwako ofisini, ukafungua barua pepe humo ndani, kazi yote ingefanyika Dar na wewe ungekuwa unaona picha ya kioo tu.

Mkadiriaji
Miaka minne naomba mtu anieleze hivi. Asante.

Mzoefu wa Ofisi
Mnazunguka bure. Nakili faili kwenye deskitopu kwanza, ndipo uambatishe. Mtandao wa ofisi ukiyumba katikati, wewe unalo. Miaka kumi na mbili sijawahi kukwama.

Masjala
Na ndiyo ninyi mnaotuletea matatizo. Kila mtu ana nakala yake, siku ya ukaguzi tunakuta mikataba mitano ya mteja mmoja na kila mmoja una bei yake. Ambatisha kutoka seva, acha faili kwenye makao yake.

Mzoefu wa Ofisi
Masjala unaongea kama vile umeme haukatiki kwenu. Ofisi ya mkoani inasubiri sekunde arobaini folda ifunguke. Nisinakili kwa nini?

Masjala
Nakili, tuma, FUTA. Hilo la tatu ndilo hamlifanyi.

Mwana wa Mvita
Mimi nasema chukua flashi, panda boda, peleka mkononi. Nimewahi kufanya hivyo Mombasa, Nyali hadi mjini, nikafika kabla ya mwenzangu kumaliza kupakia.

Juma wa Saiti
Tuma linki tu. Gmail ikizidi MB 25 inaliweka lenyewe kwenye Drive, hifadhi ya Google ya mtandaoni.

Masjala
Mkataba wa mteja kwenye Drive yako binafsi? Hapana, Juma. Labda ile ya kampuni, na umpe ruhusa mtu mmoja kwa jina.

Wa Rasilimali Watu
Niko Nairobi. Nimesoma hapa kimya tangu mwanzo, mikono inatetemeka kidogo lakini nitasema.

Kwenye seva yetu folda yangu ilikuwa na mafaili mawili: "Orodha ya wafanyakazi - sare" na "Orodha ya wafanyakazi - mishahara". Dirisha la kuchagua faili lilikuwa jembamba, majina yote mawili yanaonekana "Orodha ya wafanya…" basi. Nilikuwa nawatumia wafanyakazi wote wahakikishe saizi za shati. Nikabofya, nikatuma, nikaenda kuchukua chai.

Kurudi, ofisi nzima kimya. Hakuna anayeniangalia.

Binti Makorora
Mungu wangu.

Juma wa Saiti
Endelea dada, usituache hapo.

Wa Rasilimali Watu
Dereva wetu wa miaka tisa aliona kwamba aliyeajiriwa mwaka jana anampita. Hakunigombeza. Alikuja mlangoni akauliza, "Mama, hii ni kweli?" Sikuwa na jibu. Nilijaribu kuirudisha barua, wengi walikuwa wameshafungua, na wawili walikuwa wameweka barua zao za kazini zipitilize hadi kwenye Gmail zao. Huko hairudi.

Mzoefu wa Ofisi
Hilo ni kosa la kutokuwa makini, tusilizungushe.

Masjala
Mzoefu, mwache. Mishahara na sare kwenye folda moja ni kosa la aliyepanga seva. Na dada, mlitoa taarifa? Kwenu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatoa saa 72 kumjulisha Kamishna pale watu wanapoweza kudhurika. Huku kwetu Tanzania pia ipo, ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023.

Wa Rasilimali Watu
Mwanasheria alitoa, siku ya pili. Mimi nilipewa barua ya onyo. Siku hizi nikishaambatisha nafungua kiambatisho palepale kwenye rasimu, nakisoma, ndipo naandika anwani za watu. Anwani mwisho kabisa.

Fundi wa Mtandao
Huo utaratibu wa anwani mwisho ni mzuri sana. Kwa wenye Gmail, mpangilio wa kutengua kutuma unafika sekunde 30, uongezeni, wengi mko kwenye 5.

Juma wa Saiti
Na dereva je?

Wa Rasilimali Watu
Aliongezwa, mwezi wa saba.

Karani wa Kurasini
Nimesoma yote. Nyaraka za leo zilitumwa upya saa kumi, wakala amethibitisha zote tatu zinafunguka. Kesho namkalisha kijana, tunaanza na hilo la Z ni nini.

Mgeni wa Morogoro
Samahani nimechelewa. Mimi Z yangu imepata alama nyekundu tangu nibadilishe neno la siri, nikibofya kuambatisha hata haionekani. Nifanyeje?

Fundi wa Mtandao
Uko ofisini au nyumbani? Kama nyumbani, washa VPN kwanza. Halafu ikate hiyo Z na uiunganishe upya kwa neno jipya, bado inakumbuka la zamani. Usijaribu mara nyingi, akaunti itafungwa.