Kijana wa kinanda amekuwa akinishushia ki (kimo cha sauti ya wimbo) bila kuniambia. Nimgombeze au nimshukuru?

Mwana wa Makorora

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za Ijumaa. Uzi wangu mrefu kidogo, mwenye haraka aruke mpaka chini ndiko liliko swali.

Mimi mwimbaji wa taarab hapa Tanga, miaka 43. Nilianza na kaswida madrasa kabla meno ya utoto hayajaisha. Nikiwa na 19 nikaingia kikundi, na miaka mitatu yote nikawa mwitikiaji tu: nyuma kabisa, kanga za sare, kazi yako kudaka kiitikio na kutabasamu. Ubeti wangu wa kwanza nilipewa kwa sababu mwenye wimbo alikuwa kajifungua. Toka hapo sijakaa. Dar nimekwenda enzi za mipasho, nikaimba mpaka alfajiri mwaka mzima, nikarudi Tanga na deni. Nimeimba hotelini Raskazone na vijana wawili wa gita, wageni wanakula kamba hata hawageuki. Nimezunguka Mkinga na Muheza na kikundi cha maigizo, miaka miwili nacheza mama mkwe mbaya, na mpaka leo nikishuka Maramba kuna mama hanisalimii. Tangazo la sabuni redioni nimetia sauti, nikalipwa sabuni.

Sasa jambo lenyewe. Jumamosi iliyopita tulikuwa na harusi Pongwe. Kijana wetu wa kinanda kashikwa na tumbo, akaja wa kuazima. Ukafika wimbo wangu, ule ambao watu hunitunza, nauimba tangu 2006. Ubeti wa kwanza ukaenda. Kufika pale pa kupanda, neno linapovutwa, sauti ikakatika. Ingekuwa imekwaruza tu ningesema mafua. Ilikatika kama uzi wa cherehani. Nikawageuzia wanawake maiki waimbe wao, wakadhani mbwembwe, noti zikamwagika. Mimi nililia bafuni kwa mwenye harusi, vipodozi vyote chini.

Nikamwambia yule wa kuazima, umenipigia juu. Akajibu kwa adabu kabisa: "Shangazi, nimepiga ki iliyoandikwa kwenye daftari lenu." Nikaliangalia daftari, kweli.

Jumatatu nikampelekea kijana wetu uji. Kinanda chake kiko kitandani kimewashwa. Kuna kidude cha kupandisha na kushusha, na kioo kidogo kinaonyesha namba. Wimbo wangu kauhifadhi kwa jina langu. Nikaubonyeza, kioo kikaandika kutoa tatu. Nusu sauti tatu chini! Nikamuuliza tangu lini. Akainamia bakuli la uji.

Sasa wajuzi nisaidieni. Sauti ikishuka hivi ndiyo mwisho, niwaachie mabinti? Na huyu mtoto nimfanyeje? Nina hasira naye, halafu nikikumbuka Pongwe naona kumbe miaka yote alikuwa ananisitiri.

Nazi Kavu

Kutoa tatu tu unalia? Mume wangu kashafika kutoa kumi na hajaacha kuimba bafuni.

Mgombeze kwanza, ukimaliza umpe hela ya dawa ya tumbo.

Babu Besi

Marahaba mwanangu.

Nimepiga gita la besi Ngamiani tangu watu wazima wanatusema kwamba gita la umeme linaharibu taarab. Vikundi vya Black Star na Lucky Star ndio waliofungua ile njia hapa mjini: gita, besi, kinanda, ngoma, watu wachache, wala huhitaji safu ya fidla kama za Unguja. Mombasa wakatusikia, nao wakafuata.

Nakwambia hayo kwa sababu ya hiyo habari ya daftari. Daftari si msahafu. Sisi hatukuwa na kidude cha kubonyeza. Mwimbaji akija na mafua anamnong'oneza mpiga gita, "leo nishushie". Mpiga gita anatafuta pengine pa kushika, besi namfuata, imekwisha. Aliyenuna ni mwenye akodioni tu, maana vidole vyake vilishazoea mahali. Ki ilikuwa mali ya mwimbaji, sisi wengine tunamtafuta alipo. Siku hizi naona mwimbaji ndiye anayekimbizana na mashine.

Na hilo la kuwaachia mabinti, hebu piga hesabu. Siti binti Saad kazaliwa Fumba 1880, kauza vyungu, kahamia mjini 1911 mtu mzima tayari. Santuri karekodi Bombay 1928. Hapo ana umri gani? Wewe wa 43 unaaga! Aliyemwandikia wasifu wake ni mtu wa hapa hapa, Shaaban Robert wa Vibambani, na hakumwandikia kwa ajili ya sauti ya usichana.

Au mchukue Bi Shakila, mtoto wa Pangani. Kapita Black Star, kapita Lucky Star, kisha huyo Dar, akaimba taarab ya jeshi, JWTZ. Kafariki Agosti 2016 na watu walikuwa bado wanamtaka jukwaani. Mimi niliyekuwa nasikiliza kwa masikio ya besi nakwambia alichokuwa nacho ni matamshi. Ukikaa nyuma kabisa ya ukumbi neno linakufika zima, halijang'atwa. Hilo haliko juu wala chini.

Kijana usimgombeze. Ila mwambie asirudie kufanya kwa siri. Akiugua yeye, unaumbuka wewe, ndivyo ilivyokuwa Pongwe.

Dada wa Dunda

Naongezea kutoka Bagamoyo. Nilisoma hapa TaSUBa, wazee bado wanakiita Chuo cha Sanaa, na sasa nafundisha watoto kuimba.

Dada, kabla ya yote: ukiamka asubuhi sauti iko sawa, au inakwaruza kutwa nzima? Ikiwa imekwaruza zaidi ya wiki tatu bila mafua, nenda kwa daktari wa koo akutazame. Wanaingiza kikamera, dakika chache tu. Waimbaji wengi tunakwenda tukiwa tumeshachelewa, tumeshamaliza tangawizi ya soko zima. Na tangawizi hata haifiki kwenye nyuzi za sauti. Unachomeza kinapita njia ya chakula, ikigusa nyuzi utapaliwa. Inakutuliza tu. Kinachozisaidia ni maji ya kutosha tangu mchana, usingizi, na kuacha ile tabia ya kukohoa kohoa kusafisha koo kabla ya kupanda.

Ikiwa asubuhi iko sawa, basi hujaugua, sauti imekua. Pale pa kukatika ni pale unapotoka sauti ya kifua kwenda ya kichwa, na wewe umezoea kupapita kwa nguvu. Shuka, na ukishashuka ujifunze kuishi huku chini. Mzee Hukwe Zawose, mwimbaji wa Kigogo ambaye aliishi hapa Bagamoyo mpaka alipofariki Desemba 2003, alikuwa anashuka mpaka unadhani kaingia mtu mwingine, kisha anapanda nyembamba, na huku chini hakukuwa mahali pa kupumzikia, palikuwa na kazi yake. Bi Kidude naye aliziimba nyimbo za Siti kwa sauti yake ile nzito ya mkwaruzo, hakumwigiza. WOMEX, yale maonyesho ya muziki wa dunia, wakampa tuzo 2005, bibi mkongwe.

Zoezi moja: mwambie kijana akupe kutoa nne, uimbe ubeti mzima kwa kunena, kama unamsimulia jirani ukutani. Ukilisikia kila neno, ndipo uvute.

Nazi Kavu

Jirani ukutani kwetu tayari anasikia kutoa kumi, asante.

Mwana wa Makorora

Nimerudi. Mungu awalipe, Babu Besi hasa.

Asubuhi sauti iko sawa, kwa hiyo kwa daktari nitakwenda ila sina hofu. Kijana nimekaa naye. Alianza 2019, nilikuwa na mafua, akashusha moja kwa siku hiyo tu, akaona nimefurahi, hakuirudisha. Mwaka uliofuata ya pili. Ya tatu hakumbuki. Anasema kila akitaka kuniambia naingia nimevaa, nimejipaka, anashindwa. Nimemgombeza dakika tano, nikamalizia kwa kucheka.

Jana mazoezini nikachukua kalamu mbele ya wote, nikakata ki ya zamani kwenye daftari, nikaandika kutoa nne. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba. Wale mabinti wa nyuma wakatazamana, mmoja akasema, "Shangazi, sisi tulidhani unajua."

Wote walijua! Mpaka anayebeba spika.

Zoezi la kunena nimelifanya. Kuna neno katika ubeti wa pili nimekuwa nikilimeza tangu 2006, nimelisikia jana kwa mara ya kwanza. Shida sasa ni kiitikio, kwenye kutoa nne mabinti wawili hawafiki chini, wanabaki wanatikisa vichwa tu. Kama kuna mwenye sauti nzito hapa Tanga anayeweza kuitikia, aniandikie kwenye kisanduku. Harusi iko Sahare tarehe 14, sare tutampa.