Alama 14 kwenye kipimo cha sonona mtandaoni zina maana gani?

Swali
Ndugu zangu, juzi usiku nilijaza mtandaoni lile dodoso la sonona liitwalo PHQ-9, nikapata alama 14. Yalitokea maneno mekundu, "sonona ya wastani", bila maelezo mengine. Kweli silali vizuri, na kazi ya saa moja inanichukua nusu siku. Je, nijihesabu mgonjwa, au niyapuuze?

Jibu la 1
Pole sana ndugu. Usiyapuuze, ila pia usijitangazie ugonjwa. Dodoso hilo, lililochapishwa mwaka 2001, lina maswali 9, na kila swali hupewa alama 0 hadi 3 kulingana na jinsi dalili ilivyokusumbua katika wiki 2 zilizopita, hivyo jumla haizidi 27. Kuanzia alama 10 ndipo mtu hushauriwa akachunguzwe. Sasa tuchukue watu 100, na 10 kati yao wana sonona kweli. Utafiti wa mwanzo ulionyesha kuwa kwa kiwango hicho cha alama 10 kipimo huwatambua asilimia 88 ya wagonjwa na huwaondoa asilimia 88 ya wazima. Maana yake kitawanasa wagonjwa wapatao 9, na pamoja nao wazima wapatao 11. Wengi wa walionaswa hawana sonona! Hili ni chujio, na anayethibitisha ugonjwa ni mtaalamu aliyekaa nawe mkazungumza.

Jibu la 2
Naongeza kwamba jumla huficha mengi. Rudi uangalie alama zako zilitoka wapi. Usingizi, uchovu, hamu ya kula na umakini vinaweza kuvurugwa na upungufu wa damu, tezi ya thairoidi au dawa unazotumia, ilhali maswali 2 ya kwanza, yaani kukosa raha katika mambo na kujisikia mwenye huzuni, ndiyo kiini cha sonona. Na swali la 9, la mawazo ya kufa au kujidhuru, halisubiri jumla: ukiweka hata alama 1, tafadhali zungumza na mtu leo hii.

Muulizaji
Ahsanteni mno. Nimerudi kuangalia: usingizi, uchovu na umakini nimeweka 3 kila kimoja, hamu ya kula 2, maswali 2 ya kwanza 1 kila moja, kujilaumu 1, na la 9 ni 0. Nilisahau kusema kwamba kwa wiki tatu nimekuwa nikikesha na mzazi mgonjwa.

Jibu la 3
Hilo la kukesha ndilo la kumwambia daktari kwanza, kabla ya alama. Mpelekee majibu yako yote, pamoja na lile swali la mwisho lisilojumlishwa, linalouliza dalili zimekutatiza kiasi gani kazini na nyumbani. Usilijaze dodoso kila usiku, kwa kuwa linauliza habari za wiki 2. Na kama ndugu mwingine anaweza kukupokea zamu hata usiku mmoja, mwombe leo.