Kiingereza kimenitoa jasho leo kazini. Hii lugha ina adabu kweli?

Wakuu, salamu nitatoa siku nyingine. Leo nimevurugwa.

Wiki iliyopita wafadhili wetu wa Marekani walituma barua pepe kwamba bajeti yetu imekuwa "tabled". Mimi Kiingereza nimefundishwa cha Mwingereza. Hoja ikiwa "tabled" imewekwa mezani, inajadiliwa, hata bungeni kwetu ni hivyo hivyo. Nikakimbia kwa bosi: mkuu, bajeti iko mezani! Bosi akafurahi, magari ya kukodi yakatafutwa, dereva mmoja akapewa na malipo ya awali kabisa.

Leo kwenye kikao cha mtandaoni Mmarekani anatushangaa. Kumbe kwao ukisema kitu kiko "tabled" kimewekwa kando, hakizungumzwi tena mpaka watakapojisikia. Neno moja, herufi zile zile, maana zimepeana mgongo! Kikao kizima kikanigeukia mimi. Yule wa uhasibu akawa anakohoa, ila namjua, kile kilikuwa kicheko.

Na si mimi wa kwanza. Churchill aliandika kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili, wakubwa wa jeshi wa Uingereza na Marekani walibishana kwa ukali juu ya neno hili hili, kumbe pande zote mbili zilitaka jambo moja. Hao ndio wenye lugha! Mimi mtoto wa shule ya kata ningepona wapi?

Halafu eti "sanction" ni kuidhinisha, na "sanction" hiyo hiyo ni kuwekea mtu vikwazo. Uki-"dust" meza unafuta vumbi, uki-"dust" keki unainyunyizia sukari ya unga. Aliyepitisha haya alikuwa amekula nini?

Nimefika nyumbani nikidhani nitapumzika. Binti yangu yuko kidato cha kwanza, miaka saba yote kasoma kwa Kiswahili, sasa kila kitu Kiingereza. Ananionyesha daftari: kaandika "det", kapigwa mkasi mwekundu, maksi imekwenda. Ikabidi nipekue hiyo b ya kwenye "debt" imetoka wapi. Wakuu, hata Waingereza wa zamani waliliandika bila b, walilichukua kwa Wafaransa! Baadaye wasomi wao wakaipachika ili neno lifanane na Kilatini. Haijawahi kutamkwa. Kwa hiyo mwanangu kaandika kama babu zao, na kakatwa maksi. Ile s ya "island" ndiyo mbaya zaidi, iliingizwa kwa kudhani neno limetoka Kilatini wakati ni lao la asili. Kosa limegundulika, s bado imekaa, inakula kodi ya bure.

Wala sijagusa "colonel", herufi ya r haionekani popote lakini lazima uitamke. Sisi tumeandika kanali, tukaendelea na maisha.

Najua wajuaji wataniletea kaa na panda. Leteni. Panda mti, panda mahindi, panda ya manati, zote zinaandikwa panda na kusomwa panda, jana na leo. Wao "read" ya jana na "read" ya leo wanaziandika sawasawa, wanazisoma tofauti. Isitoshe, sijaona mtu aliyenyimwa kazi kwa kutojua maana ya tatu ya kaa.

Sasa kilichonifanya nifungue uzi huu usiku huu. Bosi kaniandikia, kwa Kiingereza bila shaka, kwamba kesho saa nne asubuhi anataka maelezo ya maandishi kuhusu "oversight" katika suala hili. Nimefungua kamusi. Maana moja: usimamizi. Maana nyingine: kosa la kupitiwa. Sasa anataka nimtaje msimamizi, ambaye ni yeye mwenyewe, au nikiri kosa? Anayejua anijibu mapema, bando langu linaisha saa sita.