MJADALA: Je, kila mhadhara wa chuo kikuu urekodiwe kwa lazima?

Mwanafunzi wa Usiku
Wakuu, naomba tulijadili hili kwa utulivu. Chuo ninachosoma kinakusudia kuwataka wahadhiri wote, kuanzia muhula ujao, warekodi kila mhadhara na kuuweka kwenye mfumo wa masomo mtandaoni siku hiyohiyo. Mimi naunga mkono. Juzi nilirudia mara sita dakika nne za somo la takwimu, pale mhadhiri anapoeleza kwa nini tunagawanya kwa n (idadi ya vipimo) kutoa moja badala ya n, na mara ya sita ndipo nilipoelewa. Ukumbini ningenyoosha mkono mara moja, na mara ya pili ningeona haya. Anayepinga atueleze hasara iko wapi. Sielewi pia mhadhiri mwenye slaidi za miaka tisa iliyopita anaogopa kurekodiwa kitu gani.

Mzee wa Chaki
Ndugu Mwanafunzi, umeuliza swali zuri, kisha ukaliharibu kwa sentensi ya mwisho. Slaidi zangu zina tarehe ya zamani kwa sababu nafundisha mekanika, na sheria za Newton, zilizochapishwa mwaka 1687, hazijatoa toleo jipya. Ulitaka nibadilishe nini, rangi ya usuli?

Binti Maktaba
Mzee wangu, shikamoo. Kwamba Newton hajabadilika sote tunakubali, ila kama wewe ndiye ninayekudhania, slaidi ya 14 ya mada ya mvutano ina r, yaani umbali, isiyo na kipeo cha pili, na hilo hakuliandika Newton. Tuliinakili hivyohivyo, na waliotutangulia waliinakili hivyohivyo.

Kalamu Kavu
Tatizo halikuanzia kwenye slaidi wala rekodi, limeanzia kwenye kompyuta mpakato zilizojaa kumbini. Kuna utafiti ulishathibitisha kwamba anayeandika kwa mkono anaelewa kuliko anayechapa. Zipigwe marufuku, kalamu zirudi, na hamtahitaji rekodi.

Hesabu za Pole
Ndugu Kalamu, neno "ulishathibitisha" limekwenda mbali mno. Utafiti unaoukumbuka ni wa Mueller na Oppenheimer, wa mwaka 2014. Waliourudia, wakachapisha matokeo yao mwaka 2019, hawakuipata ile tofauti kwa uwazi uleule. Kinachofaa kuchukuliwa hapo ni kwamba wenye kompyuta walielekea kunakili maneno ya mhadhiri kama yalivyo, na mtu anaweza kufanya kosa hilo hata kwa kalamu ya wino.

Kalamu Kavu
Kwa hiyo sasa kuandika kwa mkono ni ushamba? Hizi ndizo dharau zinazotuua. Nimeandika kwa mkono tangu darasa la kwanza hadi shahada ya pili na sijawahi kurudia somo.

Fundi wa Ukumbi
Niruhusuni niseme kama mtu anayezishughulikia rekodi zenyewe, kwa maana naona mnabishana kuhusu kitu ambacho wengi wenu hamjakisikiliza. Kinachorekodiwa katika kumbi ninazozihudumia ni kioo cha kompyuta ya mhadhiri na sauti ya kipaza chake, basi; ubao haumo. Wiki iliyopita nilikagua rekodi moja ambayo kwa dakika kumi na mbili kioo kilionyesha kichwa cha mada tu, huku mhadhiri akisema, "Sasa hii tukiihamisha huku, inakatana na ile pale, mnaona?" Alipokivua kipaza na kuusogelea ubao, sauti ikawa ya mtu aliyetumbukia kisimani. Mwanafunzi akauliza swali ambalo halikusikika hata kidogo, kisha likasikika jibu: "Ndiyo, lakini si kila mara." Ndiyo nini? Rekodi ya namna hiyo itahesabiwa kwamba imewekwa, na mhadhiri ataonekana ametii agizo.

Jingine ni uzito. Si kila mwanafunzi ana bando la kupakua video ya saa nzima, ilhali sauti peke yake, kwa kilobiti 64 kwa sekunde, haifikii megabaiti 30 kwa saa. Ukiiambatanisha na picha mbili tatu za ubao zilizopigwa kwa simu, umemsaidia kuliko video inayokwama kila dakika.

Mzee wa Chaki
Sauti yangu haijawahi kuwa ya kisimani. Hata hivyo, hakuna aliyegusa jambo linaloniudhi zaidi: rekodi hizo ni mali ya nani? Nikistaafu, chuo kitaendelea kunifundishisha bure, nikiwa nyumbani? Tunakimbilia kila mfumo unaoletwa na makampuni ya Marekani, halafu tunaitwa waoga tukiuliza masharti.

Binti Maktaba
Ikiwa unaisema Moodle, ambayo vyuo vingi vinaitumia, basi umekosea bara. Ilianzishwa na Martin Dougiamas huko Perth, Australia, toleo lake la kwanza likatoka mwaka 2002, nayo ni programu huria isiyolipiwa leseni. Suala la umiliki ni zito na ninakuunga mkono, kwa sababu linapaswa kuandikwa kwenye mkataba kabla ya kamera kuwashwa. Ila slaidi ya 14 hujaijibu.

Hesabu za Pole
Naona tumeacha swali la anayesoma. Mwaka 2014 Freeman na wenzake walijumlisha tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati, wakakuta kwamba wanafunzi wanaohutubiwa tu wana uwezekano wa kufeli mara 1.5 wakilinganishwa na wanaofanyishwa kazi darasani: maswali mafupi, majadiliano ya wawili wawili, kukokotoa papo hapo. Kama mhadhara ni wa kuhutubia tu, kuurekodi ni kuuhifadhi ulivyo. Mimi ningewapa rekodi waitazame kabla, ile saa ya ukumbini tukaitumia kukokotoa pamoja.

Mwanafunzi wa Usiku
Na wasioitazama kabla? Katika kundi letu la semina tuko kumi na wanane, na wanaofungua hata waraka wa kurasa mbili hawazidi watano. Nawaomba tu msininyime zile dakika nne kwa sababu wenzangu hawasomi.

Kalamu Kavu
Wangeandika kwa mkono wangesoma.

Mzee wa Chaki
Binti, nimeifungua slaidi ya 14. Kosa lipo. Nimekiweka kipeo. Tarehe nimeiacha.