Sina kansa lakini nimeambiwa nimeze tamoksifeni, mliopitia hili mliamuaje?

BintiTanga82:
Jamani habari zenu. Nina jambo linaninyima usingizi wiki ya pili sasa. Niko Uingereza, nina miaka 41. Mama alipata kansa ya titi akiwa na 43, akatibiwa hospitali ya kansa ya Ocean Road, Dar, alhamdulillah yupo mpaka leo, ila mdogo wake hatunaye, alianza kuumwa na 46. Nilipomwambia daktari akanipeleka kliniki ya wenye historia ya kansa kwenye familia, wakanipima jeni, hawakuona kitu, lakini wakapiga hesabu wakasema hatari yangu ya kupata kansa ya titi maishani ni asilimia 31, niko kundi la juu. Wakasema naweza kumeza tamoksifeni, kidonge kinachozuia homoni ya kike (estrojeni) titini, 20 mg kila siku kwa miaka mitano ili kuipunguza. Aliyenieleza alitumia dakika saba hivi, akanipa karatasi, akasema kafikirie.

Sasa hiyo ndo dawa aliyokuwa anameza mama! Nikiliona lile jina namwona usiku wa manane anafungua madirisha, jasho linamtiririka shingoni, dakika tano baadaye kajifunika khanga mbili anasema baridi. Mimi siumwi. Nina mtoto wa miaka minne na mume anataka tuongeze, yeye anasema dawa ya mgonjwa anywe mgonjwa. Nisaidieni.

mama_wawili:
Pole mpenzi, mimi nimeimeza miaka mitano yote, nilianza na 45. Nikwambie ukweli, miezi mitatu ya mwanzo nilitaka kuitupa. Joto linakupanda kutoka kifuani mpaka masikioni uko kwenye foleni ya dukani, unavua koti watu wanakuangalia. Hedhi ikavurugika. Nilikuwa nameza asubuhi nikahamishia usiku kabla ya kulala, kwangu ikawa nafuu, baada ya mwezi wa nne nikazoea. Sitakwambia imenikinga, maana nani anajua kama ingekuja, ila nililala vizuri zaidi na hilo kwangu lilikuwa kubwa. Dada yangu kakataa, tumbo moja na historia moja, na sijawahi kumlaumu.

nesi_wa_usiku:
Da Binti, mimi ni nesi wa kansa miaka 14, ngoja niongee polepole maana dakika saba kwa jambo hili ni uonevu. Kwanza hii si dharura, hakuna titi linaloharibika kwa sababu umefikiria mwezi mmoja zaidi.

Pili usikubali kuambiwa "inapunguza kwa theluthi" ukaishia hapo, uliza theluthi ya ngapi. Kuna utafiti mkubwa ulioanza 1992, wanawake 7,154 wenye hatari kama yako, nusu wakapewa tamoksifeni miaka mitano na nusu vidonge visivyo na dawa, wakafuatiliwa wastani wa miaka 16. Waliomeza dawa walipata kansa ya titi 251, wasiomeza 350. Chukua wanawake 100 uwaweke ukumbini kwenye mkeka, ndani ya miaka hiyo 16 bila dawa kama 10 wataipata, kwa dawa kama 7. Hao watatu ndo faida, na iliendelea hata baada ya kuacha vidonge. Lakini 90 wasingeipata hata bila dawa, na wao pia wangemeza na kutoka jasho. Na waliokufa kwa kansa ya titi walikuwa karibu sawa pande zote, 31 kwa waliomeza na 26 kwa wasiomeza, kwa hiyo imeonyesha kuzuia ugonjwa, kuzuia vifo haijaonyesha. Watu hawaambiwi hili na mimi naona ni lazima waambiwe.

Madhara makubwa ni mawili. Damu kuganda mguuni au mapafuni, na kansa ya mfuko wa uzazi, ambayo miaka mitano ya mwanzo iliwapata 15 waliomeza na 4 wasiomeza. Hii ya mfuko inawapata zaidi waliokoma hedhi, kwa umri wako ni nadra, ila damu ikitoka bila mpangilio usikae nayo. Ukisafiri ndege ndefu kuja nyumbani mwambie daktari kabla. Kama unameza vidonge vya sonona wataje, fluoxetine na paroxetine zinapunguza nguvu yake.

Na hapa ndo kwenye uzito wako: haimezwi na mimba, na ukitaka kuzaa unatakiwa uwe umeiacha miezi kadhaa kabla. Waulize kliniki kama unaweza kuzaa kwanza ukaanza baadaye. Mimi ningeuliza hilo la kwanza kabisa.

Zuhura_K:
Mimi niliganda damu mguuni baada ya kujifungua wa pili, kwa hiyo kwangu haikuwa hata mjadala, nilisema hapana. Nafanya mamogramu, ile eksirei ya matiti, kila mwaka tangu 40, inatosha kwa sasa. Ila nesi, nilisikia kuna dozi ndogo?

nesi_wa_usiku:
Ipo, 5 mg kwa miaka mitatu, ilijaribiwa Italia kwa wanawake 500. Lakini wale walikuwa tayari wamekutwa na chembe zisizo za kawaida titini, si historia ya familia tu. Anaweza kuiulizia, asiikate kidonge mwenyewe nyumbani.

BintiTanga82:
Nimewasoma wote, Mungu awalipe. Jana nimempigia mama, sikuwahi kumuuliza chochote kuhusu ile dawa miaka yote hii. Akanisimulia joto, akacheka, halafu akanyamaza, akasema "mama yangu naye alikuwa na jiwe titini, akilifunga na khanga ili lisiguswe, hakuna aliyempeleka hospitali." Bibi! Mimi najua bibi alikufa kwa presha. Mama hana uhakika wa umri, anadhani hakufika 50. Sasa kliniki hawana hili kwenye karatasi yao, waliandika mama na mama mdogo tu. Nina miadi Alhamisi, naenda na mume wangu ahesabiwe na yeye ule mkeka wa watu 100, nitauliza la mtoto kwanza, na kabla ya kumeza au kukataa chochote nataka wapige hesabu upya na bibi akiwemo.

mama_wawili:
Andika maswali kwenye simu, ukifika pale yanayeyuka. Tuambie Alhamisi.