Kunyamaza kwenye mkutano wa michoro ni kosa?

mchoraji_kondele: Nachora nembo na mabango katika duka la uchapishaji hapa Kisumu. Kila Jumatatu bosi anatukusanya sita mezani tutoe mawazo. Mimi hukauka. Jioni, nikitembea peke yangu ufuoni Dunga, picha inakuja nzima, hata rangi zake. Juzi bosi kaniuliza mbele ya wenzangu kama nimelala. Nijilazimishe kuongea?

mama_karatasi, Nakuru: Usijilazimishe, mdogo wangu. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walilinganisha vikundi vya watu wanne na watu wanne waliofikiri kila mmoja kivyake. Mawazo ya hao wapweke, yakijumlishwa, yalikaribia maradufu. Mezani mmoja akiongea wengine wanangoja zamu, na wazo linayeyuka wakingoja. Omba upewe mada Ijumaa, uje Jumatatu na michoro mitatu. Iweke mezani, iongee yenyewe.

jua_kali_kakamega: Sawa, lakini usijifiche pia. Mimi nilichora bango la kinyozi siku mbili kimyakimya, kumbe mteja keshafunga, anauza samaki.

mchoraji_kondele: 😂 Nimemwomba. Amekubali, ila anataka michoro mitano.